Seva ikatae kazi, isikatae kuamka

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na wengine mmeanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Leo nimerudi na mada ambayo kila mtu anayechunga seva ya Linux ameshakutana nayo au atakutana nayo: unaiwasha mashine, nayo badala ya kuamka mpaka mwisho inasimama njiani kwa sababu kuna diski moja haikupachikwa. Nitaeleza jinsi ya kuitibu, lakini zaidi ya hapo nataka kubishana. Nina msimamo juu ya jambo hili, na msimamo huo niliununua kwa bei ghali. Tena bei yenyewe sikuilipa peke yangu.

Kwanza maelezo mafupi kwa wageni. Katika Linux diski haina herufi yake kama C au D za Windows. Diski inapachikwa juu ya saraka, tuseme `/data`, na kuanzia hapo ukiifungua saraka hiyo unaona yaliyomo ndani ya diski. Orodha ya diski za kupachikwa wakati mashine inawaka imo katika faili moja fupi liitwalo `/etc/fstab`. Kila mstari una sehemu sita: diski yenyewe, saraka yake, aina ya mfumo wa mafaili, machaguo, namba ya programu ya zamani ya `dump`, na namba ya zamu ya kukaguliwa na `fsck`. Ni faili la mistari mitano au sita tu. Mstari mmoja ukienda kombo, seva nzima inalala.

Mara ya kwanza: mlinzi na chaji ya simu

Mimi nafanya kazi hapa Isiolo. Watu wakisikia mtu anatengeneza programu za kompyuta wanadhani lazima awe Nairobi, kwenye ghorofa lenye lifti. Hapa pia kuna kazi, tena kazi ya maana. Mwaka 2022 nilikitengenezea kikundi kimoja cha wauza mifugo programu ya kumbukumbu: nani ameleta mbuzi wangapi, wameuzwa kwa bei gani, amelipwa kiasi gani na bado anadai kiasi gani. Ulikuwa wakati wa ule ukame mbaya wa kaskazini, misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosa tangu mwishoni mwa 2020, na watu walikuwa wanauza wanyama kabla hawajawafia mikononi. Mnyama aliyekonda analipwa kidogo, na hicho kidogo ndicho unga wa nyumbani. Kwa hiyo daftari la madeni halikuwa jambo la mchezo.

Programu niliiweka kwenye kompyuta ya mezani ya mitumba, pale pale ofisini kwao. Niliipa Debian, diski moja ya mfumo, diski ya pili ya data iliyopachikwa `/data`, na diski ya nje ya USB iliyopachikwa `/akiba` kwa ajili ya nakala za usiku. Nilijiona fundi kweli kweli.

Jioni moja stima ikapotea mji mzima. Iliporudi asubuhi seva haikuamka. Karani akanipigia: "Kaka, mashine imeandika maneno mengi meupe, halafu imenyamaza." Mimi nilikuwa Merti kwa kazi nyingine. Nikajaribu kuingia kwa SSH kupitia simu, hakuna kitu. Na haingewezekana: mashine ikiangukia katika hali ya dharura inasimama kabla mtandao haujawashwa. Inataka mtu aketi mbele yake, na skrini na kibodi. Nikarudi Isiolo na gari la kesho yake, mifupa ikilia kwa ile barabara ya vumbi, na siku nzima ya soko ikapita watu wakiandikwa kwenye karatasi.

Unajua tatizo lilikuwa nini? Mlinzi wa usiku alikuwa ameichomoa diski ya USB ili achaji simu yake kwenye tundu lile. Basi! Diski ya nakala za akiba, ambayo seva inaihitaji saa nane usiku tu, haikuwepo. Mashine ikaisubiri sekunde 90, ikaikosa, ikaamua kwamba haiwezi kuendelea na maisha.

Sikumlaumu mlinzi. Hakuna aliyemwambia kamba ile ni ya nini. Nilijilaumu mimi, na nikailaumu kompyuta.

Ubaya haukuishia hapo. Hali ya dharura inaomba neno la siri la akaunti ya root. Nilipoweka Debian niliacha nafasi hiyo wazi, na ukiiacha wazi Debian inaifunga akaunti ya root na kukupa `sudo` badala yake. Kwa kazi za kila siku ni jambo zuri. Lakini siku ya dharura skrini inakuambia kwamba akaunti ya root imefungwa na haiwezi kukufungulia. Uko nje ya nyumba yako mwenyewe, ufunguo uko ndani.

Dawa yake ni hii, iandike mahali. Iwashe mashine upya, na menyu ya GRUB ikitokea bonyeza herufi `e`. Tafuta mstari unaoanza na `linux`, na mwisho wake ongeza `init=/bin/bash`. Bonyeza Ctrl na X. Utapata skrini nyeusi bila kuulizwa neno la siri. Andika `mount -o remount,rw /` ili uweze kuandika kwenye diski ya mfumo, fungua `/etc/fstab` kwa `nano`, weka alama ya `#` mwanzoni mwa mstari unaosumbua, hifadhi. Kisha `sync`, kisha `mount -o remount,ro /`, halafu izime kwa kidole na kuiwasha tena. (Ndiyo, mtu yeyote anayefika kwenye kibodi yako anaweza kufanya hivyo pia. Ndiyo maana chumba cha seva kina kufuli.)

Kwa nini Linux ya leo ina hasira hivi?

Wazee wa Linux watakuambia kwamba zamani haikuwa hivi. Kwenye Debian za zamani, diski isiyo ya mfumo ikikosekana, mashine mara nyingi ililalamika kwa mstari mmoja na kuendelea. Ubuntu kwa miaka kadhaa ilikuwa inakuuliza: nisubiri, niiruke, au unataka kutengeneza mwenyewe? Kisha ikaja systemd. Debian 8 ya mwaka 2015 ndiyo iliyoifanya kuwa ya kawaida, na maelezo ya toleo hilo yalionya wazi kwamba kuanzia hapo mashine itakuwa kali zaidi diski zikikosa kupachikwa. Ubuntu ikafuata mwaka huo huo kwa toleo la 15.04. Chini ya systemd, kila mstari wa fstab ni sharti, isipokuwa umesema vinginevyo. Sharti lisipotimia, hakuna safari.

Njia ya kusema vinginevyo ni neno moja katika sehemu ya machaguo: `nofail`. Maana yake, jaribu kuipachika, ukishindwa endelea.

Nilipolijua neno hilo nilifanya kosa ambalo ndilo linanifanya niandike leo. Nilikuwa nimechoka, nina vumbi la Merti kichwani, na nimekasirika. Nikaweka `nofail` kwenye mistari yote ya diski isipokuwa ya mfumo. Diski ya akiba, `nofail`. Diski ya data, `nofail`. Nikaiwasha mashine mara tatu na diski zikiwa zimechomolewa, ikaamka mara zote tatu. Nikaenda nyumbani nikalala kama mtu aliyeshinda kesi.

Mara ya pili: mzee wa mbuzi kumi na wanne

Mwaka uliofuata, jioni moja, stima ilikuja na kuondoka mara tatu katika muda wa nusu saa. Mnaoishi huku mnaijua hiyo. Afadhali ipotee kabisa kuliko kucheza hivyo. Asubuhi seva iliamka yenyewe. Hakuna aliyenipigia simu. Ukurasa ulifunguka, karani akaingia kwa neno lake la siri, kazi ikaanza.

Siku ya tatu akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea huku ametoka nje ili asisikike. "Kaka, kuna mzee hapa ananiambia alileta mbuzi kumi na wanne wiki jana na hajalipwa. Nimemtafuta, hayumo. Nimemwambia hayumo. Sasa amekaa tu hapo kwenye benchi, haondoki."

Nikamwuliza, je, waliokuja juzi wote wamo? "Wa juzi na jana wamo." Na wa wiki jana? Kimya. Kisha akasema polepole, "Kaka, hakuna mtu yeyote wa wiki jana."

Nikaacha chai mezani nikachukua boda boda.

Kilichotokea ni hiki. Ile stima ya kuchezacheza iliacha mfumo wa mafaili wa diski ya data na makosa ambayo `fsck` haikuthubutu kuyarekebisha yenyewe. Ikakataa, ikataka mtu aiendeshe kwa mkono. Kwa kuwa ukaguzi ulishindwa, diski haikupachikwa. Kwa kuwa nilisema `nofail`, mashine haikujali, ikaendelea. Programu yangu ikaamka, ikaenda `/data`, ikakuta saraka tupu. Na mimi, kwa ujanja wangu wa chuo kikuu, nilikuwa nimeiandika hivi: ukikuta hakuna hifadhidata, tengeneza mpya. SQLite yenyewe ndivyo inavyofanya usipoikataza. Ukifungua faili lisilokuwepo, inaliumba. Juu yake nikaongeza `CREATE TABLE IF NOT EXISTS` kwa kila jedwali, ili programu "ijiandae yenyewe." Niliwahi kujisifu kwa mistari hiyo.

Kwa siku mbili na nusu seva ile ilikuwa inajibu watu kwa adabu na kwa haraka, na kila ilichojibu kuhusu wiki iliyopita kilikuwa uongo.

Nilipofika ofisini yule mzee alikuwa bado kwenye benchi, fimbo yake kati ya magoti. Aliniangalia mimi na mkoba wangu wa kompyuta akaelewa. Akaniuliza bila kupandisha sauti: "Kijana wangu, mbuzi wangu kumi na wanne walipita mlango huu, au walikuwa moshi?"

Sikuwa na jibu la kiufundi la kumpa. Nikamwambia, "Walipita, mzee wangu. Kosa ni la mashine yangu." Yeye akasema sawa, na akaendelea kukaa.

Kilichomwokoa siku hiyo ni daftari la karatasi la karani, lenye karbon, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimemshauri aachane nalo. Jina lake lilikuwepo, idadi ilikuwepo, bei ilikuwepo. Akalipwa kabla ya adhuhuri. Lakini fikirieni kama karani angenisikiliza.

Jinsi tulivyozirudisha data

Hapa kuna somo ambalo wengi hawalijui, kwa hiyo nalieleza polepole.

Kwanza, usikimbilie `fsck -y` kwenye diski yenye data ya watu. Hiyo inajibu "ndiyo" kwa kila swali, na baadhi ya maswali hayo yanaweza kukugharimu. Nilinakili diski nzima kwanza kwenye diski nyingine kwa `dd`. Diski yako ikiwa na sehemu zisizosomeka, tumia `ddrescue`, kwa sababu hiyo haikati tamaa mapema. Kisha nikaendesha `e2fsck -n`, ambayo inaangalia tu bila kugusa kitu. Nilipoona makosa ni ya kawaida ndipo nikairuhusu irekebishe. (Kama mfumo wako ni XFS, `fsck` haifanyi lolote, unahitaji `xfs_repair`, na chaguo lake la `-L` linalotupa jarida iwe hatua ya mwisho kabisa.) Diski ikapona, nikaipachika, kumbukumbu zote za zamani zikarudi.

Pili, zile za siku mbili na nusu zikapotea! Karani akashika kichwa. Ila hazikupotea. Zilikuwa zimeandikwa kwenye saraka `/data` ya diski ya mfumo, na sasa diski ya data imepachikwa juu yake kama mkeka juu ya mkeka. Wa chini haujaondoka, umefunikwa tu. Ili kuuona fanya hivi: tengeneza saraka `/mnt/chini`, kisha `mount --bind / /mnt/chini`, halafu angalia ndani ya `/mnt/chini/data`. Pale ndipo nilipoikuta hifadhidata changa ya siku mbili na nusu. Nikaiunganisha na ile kuu mstari kwa mstari, karani akisoma kutoka kwenye daftari.

Msimamo wangu

Sasa tuje kwenye ubishi. Kuna kambi mbili.

Kambi ya kwanza inasema systemd ina haki: ikikosekana diski, simama, usiendelee, kwa sababu kuendelea bila data ni hatari. Kambi ya pili inasema weka `nofail` kila mahali, seva ni lazima iamke. Mimi nimelala kwenye kambi zote mbili na kila moja ilinigharimu. Ya kwanza ilinigharimu siku ya soko kwa sababu ya chaji ya simu. Ya pili ilimwambia mzee kwamba hakuwahi kuleta mbuzi.

Kambi zote mbili zinachanganya mambo mawili: kuamka na kufanya kazi. Mashine kuamka maana yake keneli imewaka, mtandao upo, SSH inajibu, mimi naweza kuingia kutoka Merti au Garbatulla na kuona kuna nini. Kufanya kazi maana yake ni kumjibu mteja. Seva iamke karibu kila wakati. Lakini isimjibu mtu yeyote kama haina daftari mkononi. Mchungaji anayeamka alfajiri akakuta zizi tupu hasemi "leo sina mifugo" na kuanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Anaamka, ndiyo. Halafu anapiga kelele.

Kwa vitendo, ninaugawa kila mstari wa fstab katika mafungu matatu. La kwanza ni diski ya mfumo. Hiyo ikikosa hakuna la kujadili. La pili ni diski ambazo kazi inaendelea bila hizo, kama ile ya akiba: `nofail`, na `x-systemd.device-timeout=10s` ili anayeihitaji asisubiri sekunde 90. La tatu ni diski zenye data: nazo pia `nofail`, ili mashine iamke, lakini huduma inayozitumia inafungwa nazo kamba. Katika faili la huduma la systemd, kwenye sehemu ya `[Unit]`, unaongeza `RequiresMountsFor=/data`. Diski isipopachikwa, huduma haianzi. Mstari mmoja! Ulikuwepo siku zote, na mimi sikuwa nimeusoma.

Juu ya hapo naongeza mambo manne:

Moja, wakati diski haijapachikwa, piga `chattr +i /data`. Saraka tupu inakuwa jiwe. Hata root hawezi kuandika ndani yake, lakini diski bado inaweza kupachikwa juu yake. Hakuna tena mkeka wa chini.

Mbili, programu isiumbe hifadhidata yenyewe. Kuumba ni amri ya pekee inayoendeshwa na mtu siku ya kwanza. Siku nyingine zote, ikikosa faili, ikatae. Kwa SQLite fungua kwa `mode=rw`. Wenye PostgreSQL, nyaraka zake zinashauri usitumie mahali pa kupachika penyewe kuwa saraka ya data. Tengeneza saraka nyingine ndani yake. Diski isipokuwepo, saraka hiyo haipo, na PostgreSQL inakataa kuanza. Ni hekima ile ile.

Tatu, andika diski kwa UUID, usiandike `/dev/sdb1`. Majina hayo yanagawiwa kwa kadiri diski zinavyoonekana wakati wa kuwaka. Flashi iliyosahaulika inaweza kuyapanga upya. UUID utaiona kwa `lsblk -f`. Na ukishahariri fstab, kabla ya kuwasha upya, piga `findmnt --verify`, kisha `systemctl daemon-reload`, kisha `mount -a`. Kosa la herufi lionekane ukiwa umekaa hapo, si usiku ukiwa mbali.

Nne, hati ya nakala za akiba nayo ianze na `mountpoint -q /akiba || exit 1`. Bila hiyo, siku mlinzi akichomoa diski, nakala zitaandikwa kwenye diski ya mfumo mpaka ijae, na hapo utakuwa na ugonjwa mwingine.

Wapinzani wangu

Rafiki yangu mmoja wa Nairobi aliniambia: peleka kila kitu mawinguni uachane na makompyuta ya mitumba. Nimemsikia. Lakini laini ya intaneti ya ofisi ile ikikatika, karani wangu hana kazi, na siku ya soko haisubiri laini. Tena mawinguni ugonjwa ni huo huo. Nyaraka za Amazon zenyewe zinashauri `nofail` kwa diski za ziada, na kwenye mashine zao za kizazi kipya diski uliyoizoea kwa jina la `/dev/xvdf` inaweza kujitokeza kama `/dev/nvme1n1`. Aliyeandika jina la zamani kwenye fstab atakutana na hali ya dharura ile ile, na kibodi ya kugusa haipo.

Mwingine akasema: nunua UPS. Nimenunua, nanyi nunueni. Inanipa dakika kadhaa za kuizima mashine kwa heshima. Lakini UPS haimzuii mtu kuchomoa kamba, na haimalizi tatizo la stima yetu. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani. (Tumbili mwenyewe alipona.) Tarehe 11 Januari 2022 nguzo za laini ya Kiambere kwenda Embakasi zilianguka, giza tena. Mwaka 2023 ilikuwa Agosti, Novemba na Desemba. Hizo ni za taifa zima, sijahesabu zetu za mtaani. Jarida la ext3, lililoingia kwenye keneli mwaka 2001, na la ext4 baada yake, limetuokoa na mengi. Wazee wanakumbuka `fsck` za ext2 zilizomaliza asubuhi nzima. Lakini jarida linategemea diski iseme kweli, na kuna diski za bei rahisi zinazosema "nimeandika" kabla hazijaandika.

Na kuna anayeshauri uweke 0 kwenye sehemu ya sita ya fstab ili `fsck` isikusumbue. Huyo usimfuate. Ni sawa na kuvunja kipimajoto ili usiwe na homa.

Sisemi walioandika systemd ni wabaya. Wametupa kila chombo tunachohitaji. Nasema tu kwamba ile tabia yake ya kawaida inadhani kuna mtu karibu na mashine, mwenye kibodi na neno la siri. Huku kwetu mtu huyo yuko kwenye gari, njiani. Kwa hiyo tabia ya kawaida haitoshi; ni juu yetu kuamua, mstari kwa mstari, nani akikosekana tunaendelea na nani akikosekana tunanyamaza.

Leo seva ile ikiamka bila diski ya data, ukurasa unafunguka na kuandika kwa herufi kubwa: DISKI YA DATA HAIPO. MPIGIE FUNDI. USIMWAMBIE MTU HADAIWI WALA HADAI. Mstari wa mwisho aliuomba karani mwenyewe. Umeshatokea mara mbili, na mara zote mbili nilirekebisha kutoka nilipokuwa, kwa simu.

Daftari lake la karbon bado liko kwenye droo. Nimeacha kumshauri alitupe.

Haya, kabla hujalala leo, fungua fstab yako. Weka kidole kwenye kila mstari na ujiulize: huyu asipokuja asubuhi, seva yangu itamwambia nini mtu aliyekaa kwenye benchi?

Tuonane tena hivi karibuni. Safari hii sitapotea sana.